Bomu Halina Akili

Katika habari za vita tunakutana mara kwa mara na "mabomu yenye akili". Sisi wanachama tunaona tafsiri hiyo haifai.

Tutazame bomu hilo linavyofanya kazi. Rubani au mwenzake humulika shabaha kwa mwali wa leza. Kifaa kilichopo puani mwa bomu hufuata mwanga unaorudi, na mabawa madogo huligeuza lielekee hapo. Ni kweli kwamba hulenga vizuri. Huko Vietnam, daraja la Thanh Hoa lilishambuliwa mara nyingi kuanzia 1965 lisianguke, hadi Mei 1972 ndege za Marekani aina ya F-4 zilipoliangusha kwa mabomu ya leza.

Lakini alfajiri ya tarehe 13 Februari 1991, jijini Baghdad, mabomu mawili ya leza yalilipiga handaki la Amiriyah pale pale yalipolengwa. Ndani walijihifadhi raia. Zaidi ya 400 walikufa. Marekani ilieleza kuwa ililiona handaki hilo kama kituo cha kijeshi. Mabomu yalifika yalikotumwa. Waliokosea ni watu.

Wazee wetu husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Chuma hakina. Tukilipa bomu akili, tunamwondolea lawama aliyelituma. Basi tuandike "bomu linaloongozwa kwa leza", ili msomaji aulize mara moja: linaongozwa na nani?