Mtandao hakuna, lakini seva ipo chini ya meza

Wadau, kuna sentensi moja ambayo ningepewa mamlaka ya siku moja tu ningeipiga marufuku katika ofisi zote za wilaya: "Mtandao hakuna, njoo kesho." Nimeisikia Dar, nimeisikia Lindi mjini, lakini ukishaingia Ruangwa na Nachingwea inauma zaidi. Huku "kesho" ya mkulima wa korosho ina nauli ya bodaboda ndani yake.

Kwanza tuelewane ni mtandao gani unaosemwa. Mara nyingi kilichokwama wala si intaneti. Ofisi ina seva moja ya Linux, ndugu wa Unix, imewekwa chini ya meza na ndiyo inayotunza mafaili. Halafu kuna kompyuta tatu nne za Windows zinazoyasoma kwa waya uliopigiliwa ukutani. Hata kebo ya baharini iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009 ikikatika leo, mashine hizo zitaendelea kusalimiana kama kawaida. Kutoka kwa karani hadi kwenye seva ni hatua nne za miguu!

Kinachofanya Unix na Windows waelewane kinaitwa Samba. Aliyeanza kuiandika ni Andrew Tridgell, akiwa mwanafunzi Canberra, Australia. Toleo la kwanza alilitoa 1992, baada ya kusikiliza mashine zinavyozungumza kwenye waya na kuigiza majibu yao. Itifaki yenyewe inaitwa SMB, na jina la Samba alilipata kwa kuiambia kompyuta imtafutie kwenye orodha ya maneno yenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo. (Angetumia kamusi ya Kiswahili angeweza kuangukia "Simba", na watu wa Yanga wasingekubali iwekwe kwenye mashine zao. Au "sumbua", ambalo mafundi wengi wangesema ndilo jina sahihi.)

Sasa huyu bwana alituachia kitu ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko programu yenyewe: orodha ya majaribio ya kufanya Samba ikigoma. Iko kwenye nyaraka za Samba, bure kabisa. Sharti lake ni moja, nalo ni gumu kwetu: fuata mpangilio. Jaribio moja likishindwa usiende la pili, maana kosa umeshalikuta hapo hapo.

Unaanzia kwenye seva yenyewe. Amri ya testparm inakuambia kama faili la maelekezo la Samba limeandikwa vizuri. Kisha unapiga ping kutoka seva kwenda kompyuta, na kutoka kompyuta kwenda seva. Pande zote mbili, tafadhali. Piga kwa namba, halafu kwa jina. Namba ikijibu na jina lisijibu, waya ni mzima, tatizo ni majina. Visijibu vyote, kaangalie waya, swichi, na ile programu ya ulinzi inayofunga milango. Ping ikipita unarudi kwenye seva, unaandika smbclient -L na jina la seva, yaani unaiomba ijitazame kwenye kioo: inaonyesha mafolda gani? Ikijiona, unajaribu kuingia kwenye folda moja kwa jina na neno la siri. Hapa wengi hukwama kwa sababu Samba kwa kawaida ina daftari lake la maneno ya siri, tofauti na lile la Unix. Mtu amesajiliwa kwenye seva lakini hakuna aliyemwongeza kwa smbpasswd. Ni mwisho kabisa ndipo unakwenda kwenye Windows na kuandika net view, kisha net use.

Sisi tunafanya kinyume. Tunaanzia kwenye Windows, tunabofya mara ishirini, tunazima na kuwasha, halafu tunampigia fundi aliyeko Dar.

Katika ofisi moja ya huku, ambayo siitaji, orodha ya malipo ya wakulima haikufunguka tangu asubuhi. Kwenye benchi nje kulikuwa na wazee na stakabadhi zao mkononi, na jibu lao likawa lile lile. Fundi wa kwenye simu akasema seva imekufa, inunuliwe nyingine. Kijana wa chuo aliyekuwa pale kwa mafunzo ya vitendo akaomba kwa adabu, "Shikamoo mama, naomba nijaribu kidogo," akaanza jaribio la kwanza. Maelekezo mazima. Ping inajibu pande zote. Smbclient ndani ya seva inafungua folda bila kelele. Dakika kumi tu, na seva ikawa haina hatia. Kilichobadilika ni kompyuta: wiki ile zilikuwa zimeletwa mpya, zenye Windows 11, na seva ilikuwa na Samba ya miaka mingi inayojua SMB ya kwanza peke yake. Kompyuta mpya hazizungumzi tena lugha hiyo.

Fundi alipoambiwa akabadili wimbo: basi washeni SMB ya kwanza kwenye Windows. Hapo namshukuru yule mama karani kwa kukataa. SMB ya kwanza ndiyo iliyokuwa na tundu lililopitiwa na WannaCry Mei 2017, virusi vilivyofunga mafaili katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hospitali za umma Uingereza. Microsoft walianza kuiacha nje mwaka huo huo, na Samba nao wakaizima kuanzia toleo la 4.11, mwaka 2019. Dawa ilikuwa kuhuisha Samba. Siku ile orodha ilitolewa kwenye seva kwa flashi, ikachapwa, na wazee wakahudumiwa.

Na Nachingwea, jamani, si mahali pa kufundishwa ubaya wa kuruka hatua. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga. Wakashusha matrekta, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuja hapa, kabla ya kujua vizuri udongo na mvua vitasema nini. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, umekula paundi milioni 36 hivi. Hiyo ilikuwa net use kabla ya ping.

Ninachodai si bajeti. Ni karatasi moja ya Kiswahili iliyobandikwa ukutani karibu na seva, yenye hatua hizo kwa mpangilio wake, na neno la siri la msimamizi likae kwenye bahasha ndani ya kabati la ofisi, si kichwani mwa mtu aliye kilomita mia kadhaa. Wapo watakaosema karani hawezi kuandika amri za Unix. Karani huyo huyo anatuma fedha kwa simu kwa kubonyeza nyota na reli na namba ndefu asizoziona! Mwandikieni "ping" na namba ya seva mbele yake, muone kama atashindwa.