KIFUNGO KIKIISHA, KIISHE

Mtu akihukumiwa miezi 6, siku yake ya kutoka huandikwa, naye huihesabu. Lakini kipo kifungo cha pili kisichotolewa na hakimu yeyote. Hicho humngoja nyumbani. Anakuta shamba limekuwa pori, mtoto ameacha shule, mke amerudi kwao. Na kila anapobisha hodi kuomba kazi, jibu ni lile lile: mchovya asali hachovyi mara moja. Kifungo hicho tunakitoa sisi wananchi.

Hatumtetei mwizi. Aliyevunjiwa duka au kuibiwa ng'ombe ana haki ya kuona mkosaji ameadhibiwa. Tunalouliza ni hili: adhabu hiyo itakwisha lini?

Swali hili linatuhusu sisi wazalendo kuliko watu wengine. Wakoloni waliifanya jela kuwa fimbo ya kukusanyia kodi, na huko Kenya Mwafrika aliyekutwa bila kipande aliweza kufungwa. Kwame Nkrumah alitoka gerezani Februari 1951 akaenda kuongoza serikali. Jomo Kenyatta alihukumiwa miaka 7 mwaka 1953. Mwaka 1963 akawa Waziri Mkuu. Kweli, hao hawakufungwa kwa wizi. Lakini walitufundisha kwamba kuta za jela hazimwondolei mtu utu wake.

Somo hilo tulilisahau upesi. Mwaka 1963, Uhuru wa Tanganyika haujatimiza hata miaka 2, Bunge letu wenyewe lilipitisha sheria ya adhabu za chini kabisa. Mla rushwa na mwizi wa mali ya umma walipewa kifungo kisichopungua miaka 2, na viboko 24 juu yake: 12 siku ya kuingia na 12 siku ya kutoka. Watu walicheka wakasema vile vya mwisho ni vya kumwonyesha mkewe. Tufikiri, ndugu. Mtu amekwisha lipa deni lake, nasi tunamkabidhi kwa jamaa zake akiwa na vidonda! Sheria ile iliandikwa upya mwaka 1972, lakini roho yake bado inakaa mioyoni mwetu.

Tena tuangalie ni nani anayeingia ndani. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alitiwa hatiani kwa maneno yaliyochapwa katika Sauti ya TANU, akatakiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kufungwa miezi 6. Faini ililipwa. Maskini asiye na wa kumchangia huenda jela, si kwa ukubwa wa kosa, bali kwa wembamba wa mfuko. Kwa makosa madogo tunayo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayomwezesha mkosaji kufanya kazi za umma mchana na kulala kwake usiku. Mahakama ziitumie kwa moyo. Mkosaji wa namna hiyo hulima shamba lake, na watoto wake hawaadhibiwi pamoja naye.

Na wanaotoka je? Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 2017, Rais aliwapa msamaha wafungwa 8,157. Wengine waliachiwa, wengine wakapunguziwa vifungo. Rais anaweza kusamehe kwa kalamu. Lakini hawezi kumwamuru jirani amsalimie aliyetoka, wala kumwamuru tajiri ampe kibarua. Mtu aliyejifunza kushona viatu katika gereza la Karanga, Moshi, ana ufundi mikononi. Tukimnyima kazi kwa sababu ya mahali alipojifunzia, tumemwonyesha njia ya kurudi huko huko. Na atakayeibiwa ni mmoja wetu.

Kwa hiyo tunawaambia viongozi wa matawi: mfungwa anapotoka, nendeni kwake kama mnavyokwenda kwa mgonjwa aliyepona. Mpeni jembe au kazi. Watoto wake wasiitwe watoto wa mfungwa. Akikosa tena, sheria ipo. Lakini asihukumiwe leo kwa kosa alilokwisha lilipia jana.

Tulipigania nchi ambayo kila mtu ana kwao. Lango la gereza likifunguliwa, na mlango wa nyumba ufunguliwe.