Sikukuu ya wenyeji: Tuulize kwanza mwenyeji ni nani

KILA ifikapo 9 Agosti, Umoja wa Mataifa huadhimisha siku ya watu wa asili duniani, iliyotangazwa mwaka 1994. Hapa Uganda siku hiyo hupita kimya kimya. Benki hufunguliwa na malori huendelea na safari. Je, nasi tuifanye sikukuu ya taifa? Canada ilianza mwaka 2021 kupumzika 30 Septemba, kuwakumbuka watoto wa wenyeji walioteseka katika shule za bweni.

Swali hili nililipeleka Ruti, nje kidogo ya mji wa Mbarara, ambako malori ya Kabale na Katuna hupita usiku na mchana. Nilimkuta mzee mmoja mfanyabiashara wa maharage. Ujana wake ulipita Nakivale, akarejea Rwanda baada ya 1994, na sasa anaishi kwa kuvuka mpaka. Alinisikiliza, kisha akasema: "Mwanangu, neno hilo mwenyeji ulitamke polepole. Mwaka 1982 ndilo lililotutoa nyumbani."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Oktoba 1982 maelfu ya Banyarwanda wa Ankole, wakiwamo waliozaliwa hapa, walifukuzwa na ng'ombe wao wakachukuliwa. Baadhi walikimbilia Rwanda, wengine wakajaa Nakivale na Oruchinga. Ng'ambo ya pili, sheria ya uraia ya Zaire ya mwaka 1981 ilimtaka mtu aonyeshe kuwa wazee wake walikuwapo nchini mwaka 1885. Kwa karatasi ile, watu wengi wa Kivu wenye asili ya Rwanda walilala raia wakaamka wageni.

Nasi tuna tarehe yetu. Katiba ya mwaka 1995 inaorodhesha makabila ya asili kuwa ni yale yaliyokuwa ndani ya mipaka ya Uganda 1 Februari 1926. Baganda wamo, Banyankole wamo, Banyarwanda wamo, Batwa nao wamo. Kwa maana hiyo, sikukuu ya "watu wa asili" kwa jumla itamheshimu karibu kila Mganda, na itakayemwacha nje ni mkimbizi wa Nakivale na mtoto wake aliyezaliwa pale. Sikukuu ya namna hiyo siitaki.

Lakini ndugu msomaji, tusimwage maji na mtungi. Katika orodha ile wapo watu ambao uenyeji haujawahi kuwafaa kitu. Nao ni Batwa.

Mwaka 1991 misitu ya Bwindi na Mgahinga ilitangazwa kuwa hifadhi za taifa, na Batwa wakatolewa humo. Jirani aliyekuwa na shamba alikuwa na kitu cha kuonyesha wakati wa kudai fidia. Mwindaji na mrina asali hakuwa na mpaka wala hati, hivyo wengi wao waliondoka mikono mitupu, wakawa vibarua na maskwota katika mashamba ya watu. Leo mgeni kutoka ng'ambo hulipa dola 800 za Marekani kuwaona sokwe wa milimani katika msitu huo huo, bei iliyoanza Julai 2024.

Tarehe 19 Agosti 2021, katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2013, Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba Batwa waliachwa bila ardhi na bila fidia ya kutosha, na kwamba wanastahili hatua za kuwainua. Kongo nayo ilipitisha sheria tarehe 15 Julai 2022 ya kulinda haki za watu wa misituni, wale ambao wengi wetu tunawaita kwa kejeli mbilikimo.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Kama Serikali inataka sikukuu, iiite Siku ya Batwa, na iiweke 19 Agosti. Isiulize nani alifika kwanza, maana swali hilo limekwisha kutuvunjia nyumba nyingi katika ukanda huu. Iseme nani alinyang'anywa nini, na lini. Yule mzee wa Ruti hawezi kuiogopa siku kama hiyo. Naye anajua maana ya kutolewa kwako.

Wapo watakaosema kutaja kabila moja ni kuleta ukabila. Rwanda, kwa sababu nzito tunazozijua sote, iliamua kutotaja kabila la mtu. Nauheshimu uamuzi huo. Lakini mahakama yetu imekwisha kuwataja Batwa. Kilichobaki ni kutekeleza.

Na hapa ndipo wafanyabiashara wa mpakani wanaponielewa haraka. Tuliona Katuna ilipofungwa Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022: biashara ikisimama, anayelala njaa kwanza ni mbeba mizigo. Sikukuu nayo, kwa kibarua, ni siku isiyo na ujira. Mtwa anayelima shamba la mtu kwa kutwa hatapumzika siku ya Batwa, atakosa posho.

Ndiyo maana naomba mpangilio ugeuzwe. Kwanza hati za ardhi, hata kama ni vipande vidogo kando ya Bwindi, kisha hotuba na gwaride. Mtwa mwenye shamba lake ataweza kupumzika siku hiyo bila kuomba ruhusa ya mtu.