Mtihani wa Chuo cha Biashara Haukaririwi

Wako walimu na watumishi wa umma ambao, baada ya miaka mingi ya kazi, hukusudia kwenda kusomea shahada ya uzamili ya uongozi wa biashara katika vyuo vya nje. Njiani hukutana na mtihani uitwao GMAT, ulioanza kutolewa Marekani mwaka 1954 na kupewa jina hilo mwaka 1976. Wengi huukabili kama walivyoukabili mtihani wa Kidato cha Nne: hutafuta madaftari, hutafuta maswali yaliyopita, kisha hukariri. Hapo ndipo wanapopotea.

Mtihani huu haumwulizi mtu anajua nini juu ya biashara. Toleo lake jipya, lililoanza mwishoni mwa mwaka 2023, lina maswali 64 katika sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu, kusoma na kupima hoja, na kuchambua takwimu. Hesabu zenyewe ni za sekondari, wala kikokotoo hakiruhusiwi katika sehemu hiyo. Mwalimu wa hesabu anazijua zote. Kinachomshinda ni saa. Maswali 21 kwa dakika 45 ni kama dakika mbili tu kwa kila swali, na anayefikia mwisho wa muda bila kumaliza hupunguziwa alama vibaya.

Mzigo mzito zaidi umo katika kusoma. Kifungu huandikwa kwa Kiingereza, na mtahiniwa huulizwa hoja imesimama juu ya dhana gani ambayo haikutajwa, au ni habari gani ingeidhoofisha. Mtu aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari akafundishwa Kiingereza cha kunakili ubaoni, aweza kuyajua maneno yote ya kifungu na bado asione hoja iko wapi. Udhaifu huo hautibiwi kwa mwezi mmoja. Hutibiwa kwa kusoma kila siku makala moja ndefu na kujiuliza mwandishi anataka msomaji aamini nini, na kwa ushahidi gani. (Afisa atakayezisoma nyaraka za wizara yake kwa namna hiyo atakuwa mtumishi bora hata asiposafiri.)

Ni dhahiri kwamba penye woga wachuuzi hawakosekani. Wako wanaouza masomo ya ziada kwa bei inayozidi mshahara wa mwalimu, wakiahidi mbinu za siri. Wako pia wanaouza vitabu vikuukuu vyenye sura nzima za jiometri na za kusahihisha sentensi, mambo ambayo yameondolewa, kwani toleo la zamani lilikoma mapema mwaka 2024. Mwalimu wa wilayani anayejinyima ili anunue kitabu kama hicho hupoteza fedha, na zaidi ya fedha hupoteza miezi akijifunza yasiyoulizwa tena. Kukitambua si kazi: kikisema kwamba alama ya juu kabisa ni 800, kimepitwa na wakati, maana sasa ni 805. Tena waandaaji wenyewe hutoa mitihani miwili ya majaribio bila malipo katika mtandao wao. Hiyo ndiyo ya kuanzia, kabla ya kumpa mchuuzi hata senti moja.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilaumu mitihani inayopima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa kwa muda uliowekwa, bila kupima tabia ya mtu wala moyo wake wa kutumika. GMAT hujitahidi kupima fikra, lakini juu ya moyo wa kutumika haisemi lolote. Wakuu wa idara wanaotoa ruhusa za masomo hawana budi kulikumbuka hilo, wasije wakamwona mwenye alama nyingi kuwa ndiye mwenye manufaa mengi.

Wakati huohuo wanaweza kusaidia bila gharama. Mwalimu wa hesabu na afisa mipango aliyezoea kusoma taarifa za Kiingereza, kila mmoja anacho asichokuwa nacho mwenzake. Jumamosi mchana madarasa ni matupu, ubao upo, na saa ya mkono ya mmoja wao yatosha kuhesabu dakika 45.