Kabla ya Kununua Sola, Tuhesabu Mahitaji ya Mgonjwa

Mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani, tunamwandikia dawa, tunampangia tarehe ya kliniki na kumwelekeza kuhusu chakula. Ni mara chache tunamuuliza: umeme wa nyumbani kwako ukoje? Kwa anayetunza insulini au anayepumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni, swali hilo ni sehemu ya matibabu.

Familia nyingi hujijibu zenyewe kwa kununua paneli kubwa, kisha betri yoyote inayolingana na fedha zilizobaki. Huko ni kuanzia mwisho. Paneli huzalisha umeme mchana. Usiku mgonjwa huitegemea betri. Hesabu ianze na mahitaji, ifuate betri, ndipo ije paneli.

Tuchukue mfano. Taa tatu za wati 5 zikiwaka saa tano hutumia wati-saa 75. Simu mbili, takriban 25. Friji ndogo ya umeme wa betri, tuseme 400 kwa siku. Jumla ni 500. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini ikitumiwa zaidi ya nusu mara kwa mara huchakaa upesi. Basi tuhesabu 600, zinazotosha siku moja. Paneli ya wati 200, ikipata jua kali kwa saa nne, huweza kurudisha kiasi hicho hata baada ya sehemu ya nguvu kupotea. Betri ya lithiamu ni ghali zaidi mwanzoni, ila hudumu zaidi.

Sasa tutazame mashine ya oksijeni ya wati 350. Ikifanya kazi usiku na mchana hutumia wati-saa 8,400, yaani betri kumi na nne kama ile. Anayeiambia familia kwamba sola ya bei nafuu itaimudu anahatarisha uhai wa mtu. Mgonjwa huyo anahitaji mtungi wa oksijeni wa akiba na mpango wa kumfikisha hospitalini. Sola iwe nyongeza tu.

Kwa upande wa insulini, chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Iliyoanza kutumika, kwa aina nyingi, huweza kukaa takriban wiki nne mahali pasipozidi nyuzijoto 25 hadi 30, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Anayepewa chupa moja moja kituoni huenda asihitaji friji kabisa.

Tusisahau usalama. Betri ya asidi isiwekwe chumba cha kulala, kwani inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Ikiharibika isipasuliwe uani: risasi iliyomo hudhuru ubongo wa mtoto.

Maoni yangu ni kwamba fomu ya kumruhusu mgonjwa iongezewe mstari mmoja: chanzo cha umeme, na mpango wa usiku unapokatika. Kuuliza hakuna gharama; kutouliza, mgonjwa ndiye hulipa.