Ulongi hutuliza akili, lakini si dawa

Ukitaja chai katika nyumba nyingi za Nairobi, iwe ni Kangemi au Lavington, watu huwaza sufuria moja tu: maji, maziwa, majani na sukari vikichemka pamoja mpaka vifure. Hiyo ndiyo chai yetu na hatuna ugomvi nayo. Lakini katika maduka makubwa ya Westlands na yale ya Wachina kule Kilimani, kuna chai nyingine ambayo bei yake humfanya mtu airudishe pakiti rafuni. Pakiti huandikwa oolong, nasi tuiite ulongi. Wauzaji husema hutuliza akili. Wengine huvuka mpaka na kudai kuwa huponya presha. Je, tuamini lipi?

Kwanza, usidhani mmea wake ni wa ajabu. Ni mchai ule ule utakaouona ukipanda matatu mjini, ukapita Kangemi na Uthiru hadi Limuru, ambako chai ya kwanza nchini Kenya ilipandwa mwaka wa 1903. Tofauti imo katika utengenezaji. Chai yetu nyingi hukatwakatwa kwa mashine ikawa chembechembe, kisha huachwa hewani mpaka igeuke rangi kabisa. Ndiyo maana hukolea upesi na kuhimili maziwa. Chai ya kijani nayo hupashwa moto mapema ili isigeuke.

Ulongi iko katikati ya hizo mbili. Majani mazima hunyaushwa, hutikiswa mpaka kingo zichubuke na kuanza kuwa za hudhurungi, halafu hupashwa moto kabla jani zima halijageuka. Ufundi huo ulikomaa Fujian, nchini Uchina, na kustawi pia Taiwan. Unataka saa nyingi na jicho la mzoefu, na hapo ndipo bei inapopanda.

Ladha yake hutegemea fundi. Ile iliyogeuka kidogo hunukia maua na huteleza kinywani kama iliyotiwa siagi. Ile iliyogeuka sana na kukaangwa hunukia asali na matunda yaliyoiva, ikiwa na mnuko wa kitu kilichochomwa kwenye jiko la makaa. Ukishaimeza, utamu mdogo hubaki kooni. Ukiitia maziwa na sukari, yote hayo hupotea, nawe utakuwa umelipa fedha nyingi kwa chai ya kawaida.

Kuiandaa si kazi. Tia majani kijiko kimoja cha chai, au viwili yakiwa mepesi, kwa kila kikombe. Chai hii haitaki moto mkali mno, na hapa Nairobi tuna bahati: kwa sababu mji wetu uko juu sana, maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 94 hivi badala ya 100. Yakichemka, epua, mimina juu ya majani, funika kwa dakika tatu, kisha chuja. Usitupe majani! Hukubali maji mapya mara mbili au tatu zaidi, na kila mara ladha huwa nyingine. Kwa hesabu hiyo, bei inapungua makali.

Sasa tuje kwenye utulivu. Chai zote zina theanini, kitu ambacho wanasayansi wa Japani walikitambua mwaka wa 1949. Uchunguzi umeonyesha kuwa theanini husaidia akili kutulia bila kusinzia, hasa ikiwa pamoja na kafeini. Lakini watafiti aghalabu hutumia miligramu 100 hadi 200, ilhali kikombe kimoja huwa na kiasi kidogo kuliko hicho. Huenda basi sehemu kubwa ya utulivu hutokana na kule kuketi, kungoja na kunywa polepole. Hilo nalo si haba kwa mtu aliyetoka kwenye msongamano wa Waiyaki Way.

Nawe mwanafunzi unayekesha na vitabu, kumbuka kwamba ulongi ina kafeini. Saa tano hivi baada ya kunywa, karibu nusu yake ingali mwilini. Ukiinywa saa tatu usiku ukitafuta usingizi, utahesabu mabati. Kikombe cha mwisho kiwe saa kumi alasiri.

Akina mama wajawazito na watu wenye upungufu wa damu wasinywe chai yoyote pamoja na chakula, kwa maana huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na sukuma wiki. Ni heri kungoja saa moja baada ya kula.

La mwisho ndilo zito. Ikiwa baba au nyanya nyumbani anatumia vidonge vya presha au kisukari, asiviache kwa sababu muuzaji amemsifia majani. Presha huweza kupanda bila dalili yoyote, na mgonjwa akajiona mzima mpaka siku anapopooza. Mwekeeni kikombe cha ulongi mezani akipenda, na vidonge vyake viwe kando yake.