Bakteria hawatakufanyia mtihani

Kila mitihani ya chuo ikikaribia, matangazo ya vidonge na vinywaji vyenye "bakteria wazuri" yanamiminika kwenye simu. Kunywa hiki, stresi kwisha. Meza hiki, utaingia kwenye mtihani umetulia kama maji ya mtungini. Na chini yake maneno mawili ya kufunga mjadala: utafiti umeonyesha.

Haya, tuuangalie huo utafiti. Kazi yangu ni kuuliza nani kasema, wapi, na anapata nini.

Jambo lenyewe si uzushi. Aliyewahi kupanga foleni ya choo asubuhi ya UE anajua kwamba tumbo nalo linafanya mtihani. Ukishikwa na hofu, ubongo unatuma ishara hadi kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, nazo zinamwaga homoni ya kotisoli. Mwili unajiandaa kupambana au kukimbia, usagaji wa chakula unavurugika. Ubongo na utumbo vinawasiliana, na bakteria waliomo tumboni wanachangia mawasiliano hayo.

Huko Japani, watafiti waliwachukua wanafunzi wa udaktari wasiozidi 50 wa Chuo Kikuu cha Tokushima. Nusu wakapewa maziwa yaliyochachushwa kwa bakteria aina ya Shirota, nusu wakapewa kinywaji kinachofanana nayo kisicho na bakteria hao. Kila siku, wiki 8, hadi mtihani mkubwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: waliokunywa bakteria walisumbuliwa kidogo zaidi na tumbo kuliko wenzao.

Habari njema. Ila miongoni mwa watafiti walikuwemo waajiriwa wa Yakult, kampuni inayouza kinywaji hicho hicho. Hilo haliufanyi utafiti kuwa uongo, lakini linatupa haki ya kudai ushahidi zaidi.

Na upo. Mwaka 2011 watafiti wa Cork, Ireland, pamoja na wenzao wa Kanada walionyesha kwamba bakteria aitwaye JB-1 anapunguza wasiwasi kwa panya. Watu wakashangilia. Mwaka 2017, hapo hapo Cork, wakamjaribu kwa wanaume 29 wenye afya. Hakupunguza stresi wala hakunoa kumbukumbu. Na wakachapisha hivyo hivyo, waungwana wale.

Kwa hiyo anayekwambia "probiotiki zinatibu stresi" ni sawa na anayekwambia "dawa zinatibu malaria". Dawa gani? Kiasi gani? Kwa nani? Kopo la dukani lenye bakteria wa aina nyingine halina haki ya kuazima matokeo ya Tokushima.

Lakini jamani, ugomvi wangu hasa si wa maabara. Hebu jiulize stresi ya mwanafunzi wetu inatoka wapi. Bumu limechelewa na mama wa kibanda cha chakula amekata mkopo. Chumba cha watu wawili kinalala sita. Mitihani mitatu imebanwa ndani ya siku mbili. Ukisapu, ada, ukidisko, utarudi kijijini na maelezo gani? Kotisoli hapo haijakosea, inafanya kazi yake. Kuna hatari kweli!

Sasa anakuja mtu anakuuzia kidonge kwa hela ya chakula cha wiki, huku akikufundisha kwamba tatizo limo tumboni mwako. Wakubwa wa chuo wanapumua. Hakuna wa kuwauliza kuhusu ratiba, mabweni, wala mshauri nasaha ambaye mlango wake umefungwa tangu muhula uanze.

Mtindi sina ugomvi nao. Ni chakula, kunywa. Lakini unywe kama chakula, kwa bei ya chakula. Halafu ukishiba, twende pamoja kwa serikali ya wanafunzi tukaulize bumu liko wapi.